Karakana ya Matanga Gatini Philadelphia

Tanga kuu la meli ya masafa marefu halikatwi mezani. Linataka sakafu pana na laini, isiyo na nguzo za kuzuia njia, mahali fundi anapoweza kupiga mistari ya chaki, akatandaza vipande vya turubai kimoja kando ya kingine, akavizunguka na kuvitazama vyote kabla mkasi haujagusa kitambaa. Ndiyo maana katika miji ya bandari ya karne ya 18 mafundi wa matanga walipenda orofa za juu za maghala ya gatini. Chini mapipa ya unga na sukari, juu watu waliokaa kwenye mabenchi marefu, sindano mkononi na donge la nta kando. Huko Philadelphia, kwenye gati la mfanyabiashara Thomas Willing ukingoni mwa Mto Delaware, palikuwa na karakana ya namna hiyo iliyomilikiwa na fundi Mzungu, Robert Bridges. Mwaka 1798 Bridges alistaafu. Aliyeichukua ni mnyapara wake, mtu mweusi aliyekuwa akikaribia miaka 32, James Forten.

Wakati huo sensa ya Marekani ilikuwa inaelekea kuhesabu karibu watumwa 900,000. Weusi huru walikuwepo, na Philadelphia walikuwa wengi kuliko miji mingi, lakini kazi zao zilikuwa za kubeba mizigo, kufua nguo, kufagia mabomba ya moshi na kupika jikoni kwa watu. Mtu mweusi kuwa bwana wa karakana ambamo Wazungu wanapokea ujira kutoka mkononi mwake, tena katika ufundi ambao maisha ya mabaharia yanautegemea, lilikuwa jambo la kuwafanya wapita njia wasimame.

Mwaka 2026 Marekani inatimiza miaka 250 tangu itangaze kujitoa chini ya mfalme wa Uingereza. Majina yatakayotajwa majukwaani tunayajua kabla wasemaji hawajapanda: Washington, Jefferson, Franklin. Forten naye hutajwa siku hizi kuliko zamani. Jumba la makumbusho ya Mapinduzi ya Marekani lililoko Philadelphia lilimwandalia yeye na familia yake maonyesho makubwa mwaka 2023. Ila wanaomkumbuka wengi humkumbuka kama kijana wa vitani, au kama mzee aliyepinga utumwa. Karakana hupewa sentensi moja katikati, kama vile ilikuwa mahali pa kuchuma fedha tu ili mambo makubwa yafanyike kwingine. Mimi naona karakana yenyewe ndiyo jambo kubwa, na ndiyo ninayotaka kuisimulia. Lakini haisimuliki bila vita.

James Forten alizaliwa Philadelphia tarehe 2 Septemba 1766, mtoto wa Thomas na Margaret Forten, watu huru. Babu wa baba yake aliletwa kutoka Afrika akiwa mtumwa. Babu yake alijikomboa. Baba yake, Thomas, alikuwa fundi wa matanga katika karakana ya Bridges, na mtoto alianza kuizoea sakafu ile akiwa bado wa kutumwatumwa, kuokota vipande na kuandaa nta. Thomas alifariki James akiwa na miaka kama saba. Kijana alipata elimu kidogo katika shule ya watoto weusi iliyoanzishwa na Anthony Benezet, Mkristo wa dhehebu la Quaker aliyeupinga utumwa kwa maandishi na kwa vitendo, kisha njaa ikamtoa darasani akaenda kufanya kazi dukani amsaidie mama.

Julai 8, 1776, Tangazo la Uhuru liliposomwa hadharani kwa mara ya kwanza nyuma ya jengo la serikali ya Pennsylvania, mtoto huyo wa miaka tisa alikuwa katika umati. Maneno ya kwamba watu wote wameumbwa sawa aliyasikia kwa masikio yake. Aliyachukua jinsi yalivyotamkwa, na kwa miaka 60 iliyofuata hakukubali mtu yeyote ayapunguze.

Mwaka 1781, akiwa na miaka 14, alimsihi mama yake hadi akamruhusu kupanda meli iitwayo Royal Louis chini ya nahodha Stephen Decatur, yule mkubwa, baba wa Decatur aliyekuja kuwa shujaa wa jeshi la majini. Haikuwa meli ya serikali. Ilikuwa ya watu binafsi wenye kibali cha kushambulia meli za Waingereza na kugawana walichokamata. Kwa bandari iliyochoshwa na vita, huo ulikuwa uzalendo na biashara kwa pamoja, na sioni sababu ya kuona haya kwa niaba yao. Meli ilikuwa na mizinga 22 na watu kama 200, weusi karibu 20 miongoni mwao. Kazi ya Forten ilikuwa kubeba baruti: kushuka stoo ya chini penye giza, kuchukua mfuko wa baruti, kupanda nao mbio hadi kwenye mzinga, kumkabidhi mpiga mzinga, na kurudi chini tena. Walipewa kazi hiyo vijana kwa sababu ni wepesi na wafupi. Cheche moja ikimkuta njiani, hakuna cha kuzika.

Safari ya kwanza iliwaletea ushindi wa damu nyingi. Safari ya pili iliishia mikononi mwa meli ya kivita ya Uingereza, Amphion, nyingine mbili za Waingereza zikionekana kwa karibu. Decatur aliteremsha bendera. Hapo ndipo hofu ya mateka mweusi inapotofautiana na ya mwenzake Mzungu. Mzungu anawaza kifungo. Mweusi anawaza soko la watumwa la visiwa vya Karibi, maana wengi waliotekwa baharini waliishia huko.

Kilichomwokoa ni gololi. Nahodha wa Amphion, John Beazley, alikuwa na mwanawe Henry melini, mvulana aliyekaribiana naye umri. Forten alikuwa akicheza gololi sitahani kwa shabaha ya kushangaza, Henry akamwona, wakawa marafiki. Baba akamtazama kijana huyu kwa jicho jingine, akampa ofa: aende Uingereza, asomeshwe pamoja na Henry, aanze maisha mapya. Kwa kijana maskini mweusi wa miaka 15 hapo palikuwa na mlango wazi. Alikataa. Alisema yeye ni mateka kwa ajili ya uhuru wa nchi yake, na hatakuwa msaliti wa nchi hiyo. Ofa iliyotoka kwa upande ambao ungemsomesha aliiacha kwa ajili ya upande ambao ulikuwa haujamwahidi lolote. Beazley alimwandikia barua ya kumtambulisha, ili jina lake lisisahaulike katika orodha ya mateka wa kubadilishana, kisha akamtuma alikotumwa kila mateka: kwenye meli Jersey.

Jersey ilikuwa manowari kuukuu iliyong'olewa milingoti, ikafungwa nanga katika Ghuba ya Wallabout huko Brooklyn, ikawa gereza. Zaidi ya watu 1,000 walibanwa humo kwa wakati mmoja. Ndui, kuhara damu na homa vilizunguka bila kizuizi. Chakula kilikuwa kibovu, maji machafu. Kila asubuhi walinzi waliwaamuru wafungwa kupandisha juu maiti za usiku, na maiti hizo zikazikwa kwenye mchanga wa pwani bila kina cha kutosha. Waliokufa katika meli-magereza za New York hukadiriwa kwa maelfu, zaidi ya waliouawa mapiganoni upande wa Marekani. Brooklyn kuna mnara wao katika bustani ya Fort Greene, uliozinduliwa mwaka 1908. Mfungwa aliweza kutoka siku yoyote kwa kujiunga na jeshi la Uingereza. Wachache sana walitoka kwa njia hiyo.

Kisha likatokea kasha. Afisa mmoja Mmarekani alikuwa anabadilishwa na mateka wa upande wa pili, na sanduku lake la nguo lingeteremshwa pamoja naye. Forten alipatana naye ajifiche ndani. Dakika za mwisho nafasi hiyo akampa kijana mwenzake, Mzungu aitwaye Daniel Brewton. Halafu, na hapa ndipo ninapoona tabia ya mtu, yeye mwenyewe akashika upande mmoja wa kasha akasaidia kuliteremsha ubavuni mwa meli, akijua uzito wake unatokana na nini. Brewton akafika nyumbani salama. Wakabaki marafiki maisha yao yote. Forten akakaa Jersey jumla ya miezi saba. Alipoachiwa alitembea kurudi Philadelphia, miguu mitupu hadi Trenton ambako alipata viatu. Alifika nywele zikiwa karibu zimekwisha kichwani.

Vita vikaisha. Mwaka 1784 alipanda meli na shemeji yake, baharia William Dunbar, akaenda London akakaa kama mwaka mmoja akiona bandari kubwa kuliko zote inavyofanya kazi. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa Bridges, akawa mwanagenzi katika karakana ambayo baba yake aliitolea jasho. Haikuchukua muda akawa mnyapara.

Mnyapara wa karakana ya matanga alikuwa nani hasa? Alikuwa mtu wa vipimo. Alikwenda melini, akapima milingoti na foromali, akazungumza na nahodha juu ya tabia ya chombo, kama kinapenda kulala upande au kinakwenda wima, kisha akarudi na namba kichwani na kuzichora sakafuni. Tanga halikatwi bapa kama shuka. Linaachiwa tumbo kidogo ili lishike upepo, na tumbo hilo linapatikana kwa jinsi vipande vinavyokatwa na jinsi mshono unavyopanuka pembeni. Likikatwa vibaya, pindo linalegea na kupigapiga, meli inashindwa kupanda upepo, na safari ya wiki sita inakuwa ya nane. Turubai nyingi zilitoka Urusi, za kitani na katani, ghali. Kosa la mkasi lilikuwa kosa la fedha.

Kisha kazi ya mikono. Fundi alivaa kiganjani kipande cha ngozi chenye kidonge cha chuma cha kusukumia sindano, maana turubai la daraja la kwanza halipitiki kwa nguvu ya vidole. Sindano yenyewe ni nene, ncha yake ina pembe tatu. Uzi unapitishwa kwenye nta ili usioze na ushike. Vipande vinapandanishwa kidogo na kushonwa mistari miwili, upande huu kisha ule. Pembeni kote inashonewa kamba nene ya kubeba mvuto, na kwenye pembe zinatiwa pete za kufungia jarari na demani. Tanga moja kubwa lingewachukua mafundi kadhaa siku nyingi. Meli moja ya milingoti mitatu ilihitaji matanga kwa dazeni, na ya akiba juu yake.

Hiyo ndiyo karakana aliyoichukua mwaka 1798, kwa msaada wa Bridges mwenyewe. Miaka sita kabla, Bridges alikuwa amemsaidia kununua nyumba yake ya kwanza, na Forten baadaye alimpa mwanawe jina la Robert Bridges Forten, jambo linaloeleza uhusiano wao kuliko mkataba wowote. Mafundi Wazungu waliendelea na kazi chini ya mwajiri mweusi. Kadiri miaka ilivyopita idadi ya watu ilikaribia 30, baadaye ikazidi, weusi na Wazungu wakikaa benchi moja. Katika mji ambao makanisa yaliwatenga weusi kwenye roshani, hiyo haikuwa kawaida. Wageni walioletwa kuitazama walionyeshwa jambo hilo kwa makusudi. Forten alitaka waone kwamba kazi inakwenda, mshono ni ule ule, na mbingu haijaanguka.

Alikuwa mwajiri mkali. Pombe ilikuwa marufuku kazini, katika enzi ambayo mafundi wengi wa gatini walitegemea kikombe cha saa nne kama haki yao ya kuzaliwa. Alichukua vijana weusi kuwa wanagenzi, wakiwemo wanawe na wapwa zake. Mmoja wa waliopitia mikononi mwake, Francis Devany, alihamia Liberia na huko akawa mfanyabiashara tajiri na sherifu. Forten aliipinga kwa nguvu zote siasa ya kuwahamishia weusi Liberia, kwa hiyo nadhani mafanikio ya mwanafunzi wake yalimfurahisha na kumkera kwa wakati mmoja.

Kuna hadithi moja inayorudiwa sana katika vitabu vya shule vya Marekani, kwamba Forten alivumbua kifaa cha kurahisisha kuongoza matanga na ndicho kilichomtajirisha. Hakuna hataza yenye jina lake. Naielewa tamaa ya watu ya kutaka uvumbuzi: utajiri wa mtu mweusi wa wakati ule unaonekana kama muujiza, na muujiza unadai sababu ya pekee. Lakini vitabu vyake vya hesabu havikuhitaji muujiza. Alikata vizuri, alitimiza ahadi ya siku, na wenye meli kama Louis Clapier wakarudi tena na tena.

Fedha ya matanga hakuiacha ilale. Alinunua nyumba akazipangisha, akanunua hisa, na zaidi ya yote akakopesha kwa riba, kwa weusi na kwa Wazungu. Asiyelipa alipelekwa mahakamani bila kuoneana aibu. Mwaka 1806 alinunua nyumba ya matofali ya ghorofa tatu Mtaa wa Lombard, ambako leo serikali ya Pennsylvania imeweka kibao cha kumbukumbu. Katika miaka ya 1830 watu walikadiria mali yake kuwa zaidi ya dola 100,000, akahesabiwa miongoni mwa matajiri wa mji, si wa weusi peke yao.

Waliomwandikia tanzia walikumbuka kwamba alikataa kushona matanga ya meli za kusafirisha watumwa. Ni kweli, na ni heshima yake. Tuongeze tu kwamba tangu 1794 sheria ya Marekani yenyewe ilikataza kuandaa meli za biashara hiyo kwenda nchi za nje, ingawa wenye meli waliivunja kila siku na mafundi wa bandarini wakafumba macho. Swali gumu liko kwingine. Meli halali alizozivika zilibeba sukari ya Karibi, mchele wa Carolina na kahawa, na mazao hayo yalilimwa na nani? Utumwa ulikuwa umepenya kila kifungu cha biashara ya Atlantiki. Hata merikani iliyoanza kushuka Unguja kutoka meli za Salem katika miaka ya uzee wa Forten ilifumwa Massachusetts kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini. Forten asingeweza kubaki na biashara safi kabisa na bado akaajiri watu 30. Alichora mstari pale mkono wake ulipofika, na akatumia faida yake kuupiga vita mfumo wote.

Alianza mapema. Mwishoni mwa 1799 weusi huru wa Philadelphia, wakiongozwa na mchungaji Absalom Jones, walipeleka ombi bungeni dhidi ya biashara ya utumwa na dhidi ya sheria ya 1793 ya kuwakamata watumwa waliotoroka, sheria ambayo chini yake hata mtu huru aliweza kutekwa barabarani. Bunge lilikataa kuzipa sikio baadhi ya sehemu za ombi hilo kwa kura 85 kwa 1. Yule mmoja alikuwa George Thatcher wa Massachusetts. Forten alimwandikia barua ya shukrani kwa niaba ya Waafrika 700,000. Mtu aliyeshindwa 85 kwa 1 na bado akakaa kuandika barua ya asante anaijua biashara ya muda mrefu.

Mwaka 1813 seneti ya Pennsylvania ilijadili muswada wa kuzuia weusi kuhamia jimboni na kuwalazimisha waliopo kuandikishwa. Forten akaandika barua tano, zikachapishwa kama kijitabu bila jina lake, ingawa mji mzima ulimjua mwandishi. Muswada ulikufa. Kuna sehemu moja ambamo anaeleza kwamba Julai 4, sikukuu ya uhuru, mtu mweusi hathubutu kuonekana barabarani baada ya adhuhuri, kwa kuwa walevi wanaosherehekea uhuru watamfukuza kwa mawe na matusi. Aliyekuwa akiandika hayo aliusikia uhuru huo ukitangazwa, na aliuozea gerezani miezi saba.

Mwaka mmoja baadaye Waingereza walichoma majengo ya Washington na Philadelphia ikahofia zamu yake. Forten, pamoja na Jones na Richard Allen wa kanisa la Bethel, waliwaita weusi wakachimbe ngome Gray's Ferry kwenye Mto Schuylkill. Walifika kwa mamia na mamia. Alipeleka mafundi wake wa karakana, naye akashika koleo akiwa na miaka 48 na mwenye mali.

Januari 1817 ulikuwa mtihani wa namna nyingine. Chama cha kuwahamishia weusi Afrika kilikuwa kimeundwa Washington wiki chache kabla, kikiungwa mkono na wakubwa wa nchi. Forten mwanzoni hakuwa mpinzani wa wazo la Afrika. Alimuunga mkono rafiki yake Paul Cuffe, nahodha mweusi wa Massachusetts aliyepeleka familia Sierra Leone kwa meli yake. Weusi wa mji walipokutana katika kanisa la Bethel kuujadili mpango wa chama hicho, akaketi kiti cha mwenyekiti, karibu watu 3,000 wamejaa. Alipouliza nani anaunga mkono, kimya. Alipouliza nani anapinga, kuta za kanisa zikatetemeka. Alimwandikia Cuffe kumweleza kwamba hakupatikana hata mtu mmoja wa kwenda. Tangu hapo alisimama na watu wake. Ndivyo anavyobadilika kiongozi mwenye akili: anasikia, anahesabu, anakubali.

Desemba 31, 1830, kijana wa Boston aliyeitwa William Lloyd Garrison akiwa karibu kutoa toleo la kwanza la gazeti lake, *The Liberator*, Forten alitia mkono mfukoni akampelekea dola 54, ada ya wasomaji 27. Gazeti lile lingekufa utotoni bila weusi waliolilipia kabla Wazungu hawajalizoea. Nyumbani kwake Lombard wakapita wapinzani wote wakubwa wa utumwa. Mkewe Charlotte na binti zake Margaretta, Harriet na Sarah walikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha wanawake wa Philadelphia cha kupinga utumwa mwaka 1833, na Harriet alikuwa ameolewa na Robert Purvis, ambaye angebeba mzigo wa baba mkwe.

Jambo moja kuhusu kura. Kisheria weusi huru wa Pennsylvania waliolipa kodi waliruhusiwa kupiga; Philadelphia walitishwa, hawakuthubutu. Katika uchaguzi wa 1822 Forten aliwaongoza mafundi wake 15 Wazungu kwenda kumpigia kura Samuel Breck, aliyegombea ubunge. Yeye alibaki nje. Bosi anaamua kura 15 na hana hata moja! Mwaka 1832, jimbo lilipotaka tena kuwabana weusi baada ya uasi wa Nat Turner huko Virginia, yeye na Purvis na William Whipper waliliandikia bunge la jimbo kwa lugha ya mtu wa hesabu: weusi wanalipa kodi ya maskini nyingi kuliko msaada wanaoupokea. Mwaka 1834 magenge yalivamia mitaa ya weusi, mmoja wa wanawe wadogo akashambuliwa. Mei 1838 ukumbi mpya wa Pennsylvania Hall, uliojengwa na wapinga utumwa, ulichomwa moto siku tatu baada ya kufunguliwa. Na mwaka huo huo katiba mpya ya jimbo ikaandika kwamba mpiga kura ni Mzungu.

Kuna mtu alimshauri mzee adai pensheni ya vita. Alijibu kwamba alijitolea. Hata angedai, watu wa meli za kibali hawakuwamo katika orodha ya wanaostahili. Kitu alichokitundika ukutani kilikuwa hati ya 1821 kutoka chama cha uokoaji cha Philadelphia, ya kumshukuru kwa kuwaokoa watu wanne kwa nyakati mbalimbali waliokuwa wakizama mtoni karibu na karakana yake. Gati liko hapo hapo chini ya dirisha. Mtu akianguka, mwenye karakana anashuka ngazi mbio.

Alifariki Machi 4, 1842, akiwa na miaka 75. Maelfu walimsindikiza, Wazungu kwa mamia wakiwemo manahodha na wafanyabiashara. Mwanajiolojia Mwingereza Charles Lyell, aliyekuwa mjini siku hizo, alistaajabu vya kutosha kuyaandika maziko hayo katika kitabu chake cha safari.

Karakana haikudumu. James mdogo na Robert waliirithi ikiwa tayari inaitwa kwa jina la baba na wanawe, wakairithi pia mikopo ambayo msukosuko wa kifedha wa 1837 uliigeuza karatasi, na wateja ambao heshima yao ilikuwa kwa mzee. Katika muda wa miaka michache ikafilisika. Moshi wa meli za mvuke ulikuwa umekwishaonekana Delaware, lakini si mvuke ulioiua. Matanga yaliendelea kushonwa bandari ile kwa miongo mingi, na wengine. Kuna wanaosema Forten aliwapa watoto wake masomo na muziki na siasa kuliko alivyowapa ukali wa leja. Huenda. Mjukuu wake Charlotte, binti wa Robert, alikwenda South Carolina mwaka 1862 kuwafundisha kusoma watu waliotoka utumwani, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikiwa bado vinanguruma, na hilo nalo lilitoka kwenye leja ile.

Robert alichoka, akahamia Uingereza, ile ile ambayo baba yake alikataa kwenda kusomeshwa. Vita hivyo vilipofungua jeshi kwa weusi, akarudi. Machi 1864, akiwa na miaka 50, alijiandikisha kama askari wa kawaida katika kikosi cha 43 cha weusi, akapandishwa kuwa sajini mkuu, akatumwa Maryland kuandikisha wengine. Aliugua homa ya matumbo akafariki Aprili, akazikwa Philadelphia kwa heshima za kijeshi. Mshahara wa askari mweusi ulikuwa dola 10 kwa mwezi, tatu zikikatwa za sare. Wa Mzungu dola 13. Bunge liliisawazisha mishahara hiyo Juni mwaka huo.